Uzi Mguuni

Mjomba Hiteswar, jana umerudia tena mbele ya kamati:
mwacha mila ni mtumwa.
Dighalipar nzima ikapiga makofi.
Mimi nilikuwa nyuma, karibu na viatu vya watu, nikajiuliza:
na aliyefungwa uzi mguuni, huyo tumwiteje?

Nilikuwa na miaka minane uliponipa nimshike.
Shore. Ndege wa uani tu, kishungi cheusi,
na doa jekundu chini ya mkia kama aliyekalia wino.
Ulimnasa nyuma ya kinu cha mpunga,
ukamleta ndani ya mfuko wa shati.
"Usimbane, Junmoni," ulisema, "si embe."
Sikumbana. Moyo wake ulinidunda kwenye kidole gumba,
mbio kuliko cherehani ya mama.

Wiki mbili ulimlisha kama mkwe:
ndizi ya kuponda, yai, unga wa dengu.
Ulimwimbia. Sitalikana hilo, ulimpenda,
hata shangazi Nirupama akanung'unika
kwamba yeye tangu aolewe hajamenyewa ndizi.

Kisha usiku wa kuamkia sikukuu,
mioto ikiwaka mashambani, ukungu wa Brahmaputra ukishuka,
sisi tukila mikate ya mchele na ufuta hadi kukaa kukatushinda,
ulifunika tundu kwa kitambaa, ukasema asipewe kitu.
Hata maji?
Hata maji.
Nililala nikimsikia akikwaruza.

Asubuhi mkatuita: njooni muone ushujaa!
Meza. Ndege wawili.
Katikati yao kipande cha ndizi kinaning'inizwa, kinaondolewa.
Wakarukiana, na umati mzima ukanguruma
kwa vita vya viumbe ambao, ukiwapima kwa mizani ya sonara,
wote wawili pamoja hawazidi mayai mawili ya kuku.

Mimi ule naita njaa.
Shujaa huchagua siku yake.

Husemwa tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Sisi tumezishika nyasi zenyewe, tukazipiganisha,
ili tembo wakae vitini watafune karanga.

Hoja zako nazijua.
Kwamba hata porini hupigana.
Kweli. Lakini porini mwoga ana mbawa.
Kwamba jioni mnawaachia, hachinjwi mtu.
Kweli pia. Kesho yake nilimkuta wetu chini ya mpopoo,
kishungi kimekatwa kwa mkasi kwa kosa la kushindwa,
jicho moja limegandia damu,
na uzi bado uko mguuni.
Sikukwambia. Nilimzika kwenye kopo la maziwa ya unga
na ulipouliza kopo liko wapi, nikamsingizia paka.

Kwamba Bhaben huuza chai siku ile kuliko mwezi mzima.
Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.
Ana binti wawili shuleni, na mimi sina jibu la kumtia mfukoni.
Nina hili tu: babu zetu hao hao walituachia
mchezo wa kugonganisha mayai.
Unashika lako, nashika langu, tunagonga;
lililopasuka linaliwa, watu wanacheka, chai inanunuliwa.
Mbona mila hiyo hamuililii?

Mila ni mtumbwi, mjomba, hutobolewa na huzibwa.
Bibi yako alitolewa chakula na wanaume wakila kwanza;
hilo mliliacha, na hakuna aliyewaita watumwa.

Alhamisi kamati inapiga kura: wapigwe marufuku, au la.
Nitainua mkono huu huu, wenye kidole gumba kisichosahau.
Nikasirikie ukipenda. Usinisalimie mpaka mavuno.

Ila tundu lile litoe uani.
Na ndizi ulizokwisha kununua, usizitupe:
mmenyee shangazi.